Mizani Iliyoniambia Unga ni Mafuta

Mwezi huu nimepokea barua nne zinazozungumzia kifaa kimoja: ile mizani bapa ya kioo inayounganishwa na simu, ambayo ukiikanyaga haikupi kilo peke yake bali hukusomea pia mafuta, misuli, maji, mifupa na hata "umri wa mwili". Miaka michache iliyopita niliiona kwa nadra, katika nyumba chache za Milimani, mtaa wa matajiri hapa Kisumu. Siku hizi hata kina mama wanaouza omena (dagaa) katika soko la Kibuye wananiuliza habari zake, na najua chama kimoja cha akina mama hapa Kisumu kilichochanga pesa kikanunua moja, wakawa wanapimana kila wanapokutana. Basi safari hii ukurasa wote ni wa mizani. Barua moja nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa imeshapata mwendelezo, na ningependa muifikie mkiwa mmekwisha kuelewa kifaa hiki hufanya nini kinapokusoma.

SWALI: Mpendwa mshauri, hujambo? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 41. Januari nilinunua mizani ya kisasa kwa shilingi 3,200. Siku ya kwanza iliniambia nina kilo 81.4 na mafuta asilimia 38.2. Nikaacha ugali, nikaacha chakula cha jioni, nikawa natembea kutoka shuleni hadi nyumbani. Baada ya siku 9 uzito ulikuwa umeshuka hadi kilo 79.2. Nilifurahi mpaka nilipotazama mafuta: asilimia 39.6. Mume wangu anasema mizani ni mbovu. Mwenye duka anasema mizani ni nzima, mwili wangu ndio wenye shida. Tena inaniambia umri wa mwili wangu ni miaka 54. Sitaficha, nililia. Nimepunguza nini basi, kama si mafuta?
Mwalimu, Nyamasaria, Kisumu

JIBU: Pole sana, Mwalimu. Hukuongeza mafuta. Naanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umetulia.

Barua yako niliisoma Alhamisi, na Jumamosi nikaazima mizani ya mpwa wangu, inayofanana na hiyo uliyoieleza. Nimefanya kazi ya lishe mjini hapa kwa miaka 19 na kanuni za vifaa hivi nazijua, lakini nilitaka kuyaona kwa miguu yangu mwenyewe haya yaliyokuliza. Saa kumi na mbili asubuhi, nimetoka msalani, sijagusa hata chai, ilinisoma kilo 74.3 na mafuta asilimia 35.6. Nikashuka, nikaenda jikoni nikachukua pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2, nikaikumbatia kifuani na kupanda tena. Kilo 76.3. Barabara kabisa, hakuna hata gramu mia iliyopotea. Lakini mafuta yakawa asilimia 37. Ule unga, uliokuwa ndani ya karatasi yake na haujaona sufuria, mizani iliuhesabu karibu wote kuwa mafuta ya mwili wangu.

Fanya jaribio hilo nyumbani, Mwalimu, na mumeo awepo aone. Mizani yako si mbovu, na mwili wako hauna shida. Ila kifaa hicho kinafanya kazi mbili zisizofanana, na nyote watatu, wewe, mumeo na mwenye duka, mmezichukua kama kazi moja.

Kazi ya kwanza ni kupima uzito. Hiyo inaifanya vizuri. Kazi ya pili ni kukadiria. Vile vibamba unavyovikanyaga hupeleka mwilini umeme mdogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya ampea, unaokwenda na kurudi kiasi cha mara 50,000 kwa sekunde. Unapanda mguu mmoja, unashukia mwingine, wala huuhisi. Umeme hupita kwa urahisi palipo na maji yenye chumvi. Misuli yetu ni maji kama robo tatu, mafuta yana maji kidogo. Kwa hiyo kinachopimwa ni jinsi mwili wako unavyoukinza huo umeme, basi. Mafuta yenyewe kifaa hakijayaona. Kinachukua ukinzani huo, kinachanganya na urefu, umri, jinsia na uzito wako, kisha kwa kanuni iliyowekwa na kiwanda kinakadiria maji yaliyomo mwilini. Halafu kinachukulia kwamba maji hayo ni asilimia 73 ya kila kitu kisicho mafuta. Kinachobaki kwenye uzito baada ya kutoa hayo ndicho kinaitwa mafuta. Ndiyo maana unga wangu uliangukia huko: uliongeza uzito, haukubadilisha njia ya umeme miguuni.

Nikafanya jingine. Nilifungua programu kwenye simu nikabadilisha urefu wangu kutoka sentimita 162 hadi 170. Mafuta yakashuka hadi asilimia 30.9. Nikarudisha urefu wa kweli, kisha nikaiambia kwamba mimi ni mwanamume: asilimia 28 na kitu. Mwili ni uleule, miguu ni ileile, dakika tano hazijapita. Tangu siku hiyo kila anayekuja kwangu na simu mkononi kunionyesha asilimia zake namwuliza kwanza aliandika urefu gani, na ni wengi walioandika wa kubahatisha, au wa kwenye cheti cha zamani.

Asubuhi hiyohiyo nilikunywa bilauri tatu za maji na kupanda mara moja. Uzito uliongezeka kama gramu mia saba, na mafuta nayo yakapanda kidogo, kwa sababu ileile ya unga. Jioni, baada ya kutwa nzima nimesimama, nilisomwa kilo 75.1 na mafuta asilimia 33.8. Tunaposimama kutwa, maji hutelemkia miguuni, na miguuni ndiko umeme wa mizani hii unakopita. Maji mengi njiani, ukinzani mdogo, mafuta "yamepungua". Ukitoka kuoga na nyayo mbichi, utapata nambari nyingine. Ukiwa na magaga au sugu ngumu, nyingine tena.

Sasa turudi kwenye siku zako 9. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, kwa mtu mzima kiasi cha nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na kama gramu 3 za maji. Ulipoacha ugali na chakula cha jioni ghafla, hicho ndicho ulichokula kwanza: akiba yako mwenyewe, na maji yake yakatoka kwa mkojo. Nusu kilo ya wanga, kilo moja na nusu ya maji. Jumlisha, unazikaribia sana zile kilo 2.2 ulizopoteza. Hapo katikati yapo pia mafuta ya kweli yaliyoondoka, labda nusu kilo, kwa maana kilo moja ya mafuta ya mwili ina nishati ya kama kalori 7,700 na haimalizwi na siku chache za kutembea. Lakini mizani haikuweza kuyaona hayo. Iliona mwili umekauka kidogo, umeme unapita kwa shida zaidi, ikaandika: mafuta yameongezeka. Ulikuwa umeanza vizuri, na kifaa kikakukemea.

Hili ndilo linaloniuma katika vifaa hivi. Siku za mwanzo, mtu anapohitaji kutiwa moyo kuliko wakati mwingine wowote, ndizo siku vinapokosea zaidi. Nimeona wanawake watatu mwaka huu walioacha kila kitu wiki ya pili.

Kuhusu "umri wa mwili": programu imekadiria misuli yako, kutokana na makadirio hayo ikakadiria nishati ambayo mwili wako hutumia ukiwa umepumzika, halafu ikatafuta ni watu wa umri gani kwa wastani wanaotumia kiasi hicho. Ni kadirio lililojengwa juu ya kadirio. Programu nyingi hukuruhusu kuficha vipimo usivyovitaka. Kifiche hicho leo.

Mizani usiirudishe. Iweke kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia wala mkeka. Ipande asubuhi tu, ukishatoka msalani, kabla ya chai, nyayo zikiwa zimefutwa. Andika kilo. Usilinganishe leo na jana. Chukua wastani wa wiki nzima uulinganishe na wastani wa wiki nyingine. Siku zinazotangulia hedhi mwili wa wanawake wengi hushika maji, kwa hiyo linganisha wiki zinazofanana za mwezi. Asilimia ya mafuta itazame mara moja kwa mwezi, na itazame kama inaelekea juu au chini, usiitazame kama nambari yako.

Kisha nunua futikamba kwa fundi cherehani yeyote pale soko la Jubilee. Simama, toa pumzi kwa kawaida bila kuvuta tumbo, zungusha katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya nyonga. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kuongezeka, na kupita 88 imeongezeka sana. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Kipimo kingine rahisi zaidi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mafuta yanayoumiza ni yale yaliyojipanga ndani ya tumbo kuzunguka viungo, na futikamba huyakaribia kuliko umeme unaopita miguuni.

Na chakula cha jioni, Mwalimu, kirudishe. Ukimaliza kusahihisha madaftari ya watoto na tumbo tupu utalala na hasira, na Ijumaa utakula chapati sita. Jaza nusu ya sahani mboga za osuga (mnavu) au sukuma wiki, robo samaki au omena, robo ugali. Robo, si mlima. Niandikie tena baada ya wiki nane, uniletee kilo na sentimita.

SWALI: Habari, Dada. Mimi ni kijana wa miaka 27. Nanyanyua vyuma mara nne kwa wiki na kila Jumamosi tunapanda Menengai na marafiki. Mashine ya jimu yetu, ile ya kusimama huku umeshika vishikio viwili, inasema nina mafuta asilimia 13. Mizani yangu ya nyumbani inasema 20. Nikichagua kwenye simu kwamba mimi ni "mwanamichezo", 20 inageuka 15. Niamini ipi? Kocha anataka nifike 10 kabla ya Agosti.
Kijana wa Section 58, Nakuru

JIBU: Kijana wangu, sizioni kama nambari tatu za mwili mmoja. Ni majibu ya maswali matatu.

Mizani ya nyumbani husoma miguu na sehemu ya chini ya kiwiliwili, sehemu nyingine inakisia. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliounganishwa na bomba nene: maji yanazuiwa zaidi penye wembamba. Mwili ndivyo ulivyo kwa umeme. Vifundo na mashavu ya miguu ni vyembamba, na humo ndimo ukinzani mwingi unamotoka. Kiwiliwili ni kama nusu ya uzito wako lakini kinachangia takriban sehemu moja ya kumi tu ya ukinzani. Wewe unayenyanyua vyuma, kifua na mabega uliyoyajenga kwa miaka, mizani yako haijawahi kuyapitia. Mashine yenye vishikio hupitisha umeme mikononi pia na husoma mkono, mguu na kiwiliwili mbalimbali, kwa hiyo kwa mtu kama wewe huwa inakaribia zaidi. Ila nayo inakadiria, na kiwanda chake kina kanuni yake kisichoitoa hadharani.

Ile sehemu ya "mwanamichezo" ni kubadilisha kanuni. Unaiambia programu ichukulie kwamba mwili wako una misuli mingi kuliko ya mtu wa kawaida, nayo inatii. Imekusudiwa watu wanaofanya mazoezi makali kwa saa nyingi kila wiki kwa muda mrefu. Kama unastahili, ichague na uiache hapohapo. Ukiigeuzageuza hutajua kilichobadilika ni wewe au ni simu.

Utauliza, basi ukweli uko wapi? Mahospitali yenye vifaa hutumia DEXA, mashine ya eksirei za aina mbili iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya kupima mifupa, na watafiti huichukua kama kipimo cha kulinganishia. Zamani zaidi watu walipimwa ndani ya maji. Mafuta ni mepesi kwa ujazo wake, kama gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo, na sehemu nyingine za mwili kama 1.1, ndiyo maana mtu mnene huelea kwa urahisi. Mwaka 1961 Mmarekani William Siri alitoa kanuni ya kugeuza uzani huo wa majini kuwa asilimia ya mafuta, na inatumika hadi leo. Lakini hata hivyo vyote, DEXA na maji, ni kukadiria. Mafuta ya mwanadamu hayawezi kupimwa moja kwa moja mpaka afe apasuliwe. Kwa aliye hai tunakisia, wengine kwa ustadi kuliko wengine.

Mizani za nyumbani zimewekwa kwenye majaribio. Mwaka 2021 madaktari wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kulinganisha mizani tatu za aina hii na DEXA. Uzito ulikuwa sawa karibu kabisa. Mafuta yalikosewa kwa kilo kadhaa, mengi yakisomwa pungufu. Na kumbuka kwamba kanuni hizi ziliundwa kwa kupima makundi ya watu, hasa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki. Kanuni ya kundi moja ikitumiwa kwa watu wa umbo jingine hupotoka, na mtu mwenye miguu mirefu iliyo myembamba kuliko ya kundi lile ataonekana ana mafuta asiyokuwa nayo. Kila mara anapoingia kwangu mkimbiaji kutoka milimani huko, hilo ndilo jambo la kwanza ninalomweleza.

Kwa hiyo chagua mashine moja, ile ya jimu, ipande mara moja kila wiki nne, saa ileile, kabla ya mazoezi. Usipande baada ya kupanda Menengai: misuli ikiwa na joto na damu imejaa, umeme hupita kwa urahisi na utapewa nambari ya kukupendeza.

Hiyo 10 ya kocha sasa. Nina jambo nalo. Mwanamume hawezi kuishi kwa afya chini ya mafuta kama asilimia 3 hadi 5, na mwanamke chini ya 10 hadi 13 hivi; ni mafuta ya ubongo, neva, uboho, homoni. Ikiwa mashine inaweza kukosea kwa pointi tano, mtu anayeambiwa ana 10 huenda ana 15, au ana 5, na anayelazimishwa kushuka zaidi huenda anafukuzia mahali pasipofaa. Nilimhudumia msichana mkimbiaji wa miaka 19 ambaye hedhi yake ilikuwa imekatika miezi mitano. Alikuwa akila nusu chapati asubuhi na kukimbia kilomita 20. Kocha wake alimpangia asilimia kutoka kwenye mizani ya nyumbani, kama hii yako. Alipokuja kwangu alikuwa na ufa katika mfupa wa mguu. Simlaumu kocha kwa nia mbaya. Lakini mwambie wako, kwa adabu, akupangie kilo za kunyanyua na muda wa kupanda mlima. Hivyo havikisiwi.

SWALI: Shikamoo Mama. Nina mimba ya miezi mitano. Dada ya mume wangu amenizuia kupanda mizani yake, anasema umeme utamdhuru mtoto. Ni kweli? Na mama mkwe wangu ana kifaa cha moyo kilichowekwa chini ya ngozi ya kifua, yeye je?
Mama mtarajiwa, Busia

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mama mkwe wako asiipande kabisa kwenye hali ya kupima mafuta. Kifaa kinachoongoza mapigo ya moyo kinafanya kazi kwa umeme, na watengenezaji wa mizani wenyewe huandika onyo hilo kwenye kijikaratasi cha maelekezo, ambacho watu wengi hutupa pamoja na boksi.

Wewe, umeme huo ni mdogo mno na sijui mtoto aliyedhurika nao, lakini watengenezaji hushauri wajawazito wasiitumie, nami nakubaliana nao kwa sababu ya pili pia: nambari utakayopata haina maana. Mtoto, maji yake, kondo, damu iliyoongezeka, vyote hivyo kanuni haivijui. Mizani nyingi zina hali ya uzito peke yake, hiyo haipitishi umeme. Au subiri siku ya kliniki upimwe huko, ambako unapaswa kwenda kwa vyovyote.

SWALI: Mama, naandika kwa niaba ya baba yangu, ana miaka 63, alikuwa dereva wa lori la miwa na sasa amestaafu. Ana shinikizo la damu. Mwaka jana nilimletea mizani ya kisasa kutoka Nairobi. Kwa wiki mbili hizi uzito wake umepanda kutoka kilo 76 hadi 80.5, lakini mizani inasema mafuta yameshuka kutoka asilimia 24 hadi 20 na misuli imeongezeka sana. Amefurahi mno, anasema ni nguvu za kulima. Mimi ninachoona ni kwamba viatu vyake vya Jumapili havimwingii, na usiku analala kwa mito mitatu. Je, mtu anaweza kujenga misuli hivyo katika umri wake?
Binti wa Mumias

JIBU: Barua hii ilikuwa na nambari ya simu, na niliposoma maneno "mito mitatu" niliiweka chini nikapiga. Nachapisha mazungumzo yetu kwa ruhusa ya binti na ya Mzee mwenyewe.

Nilimwambia: nenda alipo baba yako, mbonyeze kwa kidole gumba mbele ya muundi, juu kidogo ya kifundo, uhesabu hadi kumi, uachie. Alirudi kwenye simu akasema shimo limebaki. Nikamwuliza kama anahema akitembea hadi chooni. Akanyamaza, kisha akasema ndiyo, tangu Jumapili.

Hakuna mtu, wa miaka 20 wala 63, anayejenga kilo 6 za misuli kwa wiki mbili. Yale yalikuwa maji. Moyo au figo vikishindwa kazi, maji hujaa mwilini, na kwa anayetembea hujaa kwanza miguuni, palepale mizani inapopitisha umeme wake. Maji yakijaa, umeme unapita bila kizuizi, na kanuni iliyofundishwa kwamba maji maana yake ni misuli ikamwandikia Mzee pongezi. Kwa Mwalimu wa Nyamasaria kifaa kilikosea kwa kumvunja moyo. Kwa Mzee huyu kilikosea kwa kumfurahisha, na hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi usiku ule. Sijui ingekuwaje kama angeendelea kufurahi wiki moja zaidi.

Nilimwomba binti asingoje kliniki ya shinikizo ya mwezi uliofuata, ampeleke kesho yake alfajiri, abebe dawa zake zote katika mfuko mmoja, na awaambie madaktari kilo za wiki mbili kwa mpangilio wake. Kwa hilo mizani ilimsaidia: kilo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye simu, siku kwa siku, na daktari alizisoma kabla ya kumgusa mgonjwa.

Walimlaza. Moyo ulikuwa umechoka kusukuma. Alipewa dawa za kutoa maji, na baada ya siku 8 alirudi nyumbani akiwa na kilo 74.8. Sasa analala kwa mto mmoja.

Juzi binti ameniandikia tena. Mzee amepanda mizani yake, nayo imemwambia mafuta ni asilimia 26 na misuli imeporomoka. Anauliza, kwa huzuni, kama hospitali imemdhoofisha.

Binti yangu, mwambie Mzee hapana. Misuli ile haikuwahi kuwapo, kwa hiyo haijaporomoka. Kilichotoka ni maji yaliyokuwa yakimzamisha. Fungua programu mbele yake uondoe kila kitu, ubakishe kilo tu. Kila asubuhi apime akishatoka msalani, aandike kwa mkono wake katika daftari, na daftari hilo liende naye kila kliniki. Ikipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, au mto wa pili ukirudi kitandani, nendeni siku hiyohiyo, hata kama mizani itasema ana misuli ya kijana. Na vile viatu vya Jumapili, niandikie siku vitakapomwingia.